Motokaa ya Zamani na Vidole vya Fundi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mafundi wa motokaa, Kisumu)



Niliombwa nieleze habari za ile Volkswagen ambayo wengi wenu mmeiona ikipita Kondele huku watoto wakiikimbilia. Nitaeleza. Lakini nitasema pia habari za mkono wa kijana mmoja, maana kwangu mimi mambo hayo mawili hayaachani.

Motokaa yenyewe ni ya mwaka 1952. Mtaijua kwa kioo cha nyuma, ambacho kimegawanywa vipande viwili na mkanda wa chuma. Kiwanda kiliacha kioo cha namna hiyo mwezi wa Machi 1953, na zilizobaki leo ni chache. Injini iko nyuma, nayo haina maji wala rejeta. Hupozwa kwa upepo wa feni. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa upande wa Bondo. Ilikuwa imelala chini ya mwembe miaka mingi, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mwalimu akaniambia, "Fundi, nataka irudi kama ilivyokuwa, ila uinyanyue kidogo. Njia ya kutoka kwenye lami mpaka ufukoni unaijua mwenyewe."

Naijua. Na motokaa hizi pia zinazijua njia zetu. Mbio kubwa za Afrika Mashariki zilianzishwa mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na Volkswagen ilishinda mwaka 1954 ikiwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikashinda tena 1957, tena 1962 kwa mkono wa Tommy Fjastad. Uzito wa injini hukaa juu ya magurudumu yanayosukuma, basi katika matope hayatelezi ovyo. Na pasipo maji hapana kuchemka. Majina ya madereva yameandikwa vitabuni. Ya mafundi waliolala chini yake usiku ni vigumu kuyapata.

Sasa kazi. Ukiinama kutafuta springi za motokaa hii, huzioni. Nyuma kuna fimbo mbili za chuma cha pua, moja kila upande, zimelazwa ndani ya bomba kutoka upande hadi upande. Ncha ya ndani imeshikwa katikati ya bomba na meno 40. Ncha ya nje ina meno 44, nayo imeshika bapa la chuma linalokwenda nyuma mpaka kwenye ekseli. Gurudumu likipanda, fimbo hujipinda kama nguo inayokamuliwa. Mbele kuna mabomba mawili, na ndani ya kila moja mmefungwa mabapa membamba yanayojipinda vivyo hivyo.

Mbele ndiko nilikokuta taabu. Grisi ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali, bushi zimelika, kingipini zinacheza. Watu hutia grisi motokaa ikiwa imesimama kwa uzito wake, kisha hushangaa. Inyanyue kwanza, magurudumu ya mbele yaning'inie, ndipo grisi itapata nafasi ya kuingia.

Nyuma tulipima. Hesabu yake ni nzuri, nanyi vijana ishikeni. Jino moja la ndani ni digrii 9. Jino moja la nje ni digrii 8 na kidogo. Ukizungusha ndani jino moja upande huu, na nje jino moja upande wa pili, tofauti inayobaki haifiki hata digrii moja, na motokaa hupanda au kushuka kama milimita 6. Mimi nilifanya hivyo mara mbili kila upande, basi. Fimbo ya kulia na ya kushoto hazibadilishani, zimeandikwa kwenye ncha. Wala usizikwaruze: palipokwaruzwa kutu huanza, na palipo na kutu ndipo zitakapovunjika.

Mwalimu alitaka inyanyuke zaidi. Nilikataa. Ekseli za nyuma zimeungwa kwenye giaboksi na hupepea kama mabawa. Ukiinua mno, magurudumu husimama miguu ndani, na kwenye kona ya kasi gurudumu la nje hujikunja chini ya motokaa. Hapo hakuna dereva hodari. Na wale wanaokata mabapa ya mbele na kuyachoma kwa welding ili motokaa ikae chini kwa urembo, hao mimi siwaelewi. Moto huua chuma cha springi.

Nije kwenye mkono. Bapa lile la nyuma halikukaa tu. Limekalia ukingo wa chuma huku fimbo ikilisukuma chini kwa nguvu nyingi. Kulitoa, unaweka jeki chini ya ncha yake, unalifunga kwa mnyororo, unalivusha ukingo, kisha unashusha jeki polepole mpaka nguvu iishe. Miaka iliyopita, katika gereji moja ya mji huu, nilimwona mwanafunzi wa kazi wa miaka 19 akilichomoa kwa mtaimbo mtupu. Mnyororo haukuwapo. Mkubwa alikuwa akipiga kelele kwamba mwenye motokaa anangoja. Bapa liliruka. Vidole viwili vilikwenda.

Mkubwa akasema yule si mwajiriwa, ni mwanafunzi tu. Nasi sote tuliosimama pale tukanyamaza, na mimi nikiwamo, kwa kutojua. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya 2007 inamhesabu mwanafunzi wa kazi kuwa mwajiriwa, na inamtaka mwajiri apeleke habari ya ajali serikalini katika siku saba. Hakuna aliyepeleka. Kijana alirudi kwao, na siku hizi anauza omena Dunga. Nikienda kununua hunihesabia chenji kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo mwalimu aliponiambia anaitaka Jumamosi, kuna harusi, nilimwambia ataipata Jumatano inayofuata, na katika bei niliandika siku mbili nzima za kazi ya fimbo za nyuma. Alinung'unika, akalipa. Harusini alikwenda kwa matatu.

Motokaa inakwenda vizuri. Stendi nne na mnyororo nilionunua kwa kazi ile nimeziacha kwa katibu. Mwenye kazi ya namna hiyo aje aandike jina lake kwenye daftari, azichukue bure, na azirudishe zikiwa safi.