HABARI ZA NCHI YA KATAVI: WATU WAKE NA MTO WAKE



Tumetakiwa kusema habari za nchi ya Katavi, nasi twafurahi, maana ni nchi isemwayo sana na watu wasioijua. Mgeni wa mbali akisikia jina hilo hufikiri viboko, mamba na pori lisilo na mwenyewe. Hao wanyama wapo, tena wengi. Lakini ya kwamba nchi haikuwa na mwenyewe, hilo si kweli, nasi twataka kulieleza kwanza, kwani asiyejua kwa nini watu walitoka mahali hawezi kujua kwa nini leo wamejaa.

Mpakani mwake, kaskazini ni Kigoma, mashariki ni Tabora, kusini ni Rukwa, na magharibi ni maji ya Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ni misitu ya miyombo, na wenyeji wa misitu hiyo, hasa Wakonongo, ni watu wa nyuki tangu zamani. Hupandisha mizinga ya magome na ya magogo mitini, na asali ya Inyonga yajulikana mbali. Wabende wakaa upande wa ziwa na vilimani, Wapimbwe wakaa kusini katika bonde lielekealo Ziwa Rukwa. Jina la Katavi latokana na Katabi, mzimu wa Wabende. Husemwa alikuwa mwindaji, na makao yake ni mkwaju ulio kando ya ziwa dogo la Katavi. Huko watu walipeleka sadaka, wapate mvua na baraka za mawindo. Basi hata jina la hilo pori ni jina la mtu!

Mwaka 1871 Stanley, akimtafuta Livingstone, alizunguka kwa Ukonongo kwa sababu njia kuu ya Ujiji ilikuwa imezibwa na vita ya Mirambo. Alipita akinunua chakula vijijini kwa nguo. Mahali pasipo watu hapauzwi chakula. Mwaka 1879 Wabelgiji wakajenga boma Karema kando ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadri Weupe. Hapo Karema twapenda kumtaja Adrian Atiman, mtu wa nchi za karibu na Timbuktu, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa pwani ile mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka zaidi ya 60 kwa mganga mmoja mahali pamoja! Hatujui wangapi leo wangevumilia hivyo.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Katika miaka ya 1920 ugonjwa wa malale ulienea sehemu za magharibi za Tanganyika. Serikali ya Waingereza ikaona njia ni kuwaondoa watu katika vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja, wafyeke miti pande zote, kwani mbung'o hupenda kivuli cha msitu na damu ya wanyama. Ndivyo Inyonga ilivyopata kuwa mji mkubwa wa Ukonongo. Hapana shaka watu wengi waliokolewa na kifo. Walakini mashamba yaliyoachwa yakaota miti, wanyama wakaongezeka, mbung'o wakafuata, na makaburi ya mababu yakabaki porini. Baada ya miaka michache mpita njia akaona pori, akasema, "Hapa hapana watu." Alisema kweli ya siku ile tu.

Kwa habari ya utawala, tangu sheria ya mwaka 1926, ya wakati wa Gavana Sir Donald Cameron, machifu walipewa baraza na hazina zao chini ya Serikali. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, madaraka hayo yakaondolewa, na heshima ikabaki katika mila. Kisha, kati ya mwaka 1973 na 1976, ikaja Operesheni Vijiji, na watu wakahamishwa mara ya pili, wakapangwa kando ya barabara. Mwaka 1974 nchi ya maziwa ya Katavi na Chada ikafanywa Hifadhi ya Taifa, ambayo baadaye iliongezwa hata ikafikia kilomita za mraba 4,471. Mkwaju wa Katabi umo ndani yake.

Mji wa Mpanda ulikua kwa sababu nyingine kabisa, yaani risasi: si ya bunduki, bali madini yake. Kwa ajili ya madini hayo reli ililetwa kutoka Kaliua, mwendo wa kilomita kama 210, ikafunguliwa mwaka 1950. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na mji ukabaki, nao leo ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012.

Watu nao wakarudi kujaa, lakini wengi si wale wa kwanza. Kwa mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 wakimbizi wakawekwa Katumba, na tangu mwaka 1978 Mishamo pia. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, maharagwe na muhogo. Mwaka 2010 Serikali ilikubali kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo mawili na ya Ulyankulu, Tabora. Wasukuma nao wakashuka na ng'ombe kila msitu ulipopungua na mbung'o kukimbia. Hesabu ya mwaka 2012 ilipata watu 564,604. Ya mwaka 2022 ikapata 1,152,958. Miaka 10 tu, na idadi imezidi mara mbili. Ardhi ni ile ile. Na mto ni ule ule.

Mto huo ni Katuma. Huanza vilimani magharibi mwa Mpanda, hupita Sitalike, huingia Ziwa Katavi, kisha Chada, na kutoka hapo huitwa Kavuu, ukashuka Mpimbwe hata Ziwa Rukwa, ambalo halina mlango wa kutokea. Mvua zikiisha mwezi wa Mei, mto huishi kwa maji ya juu tu. Mkulima wa juu anayelima mpunga na mboga huziba mto kwa miti na udongo, apate maji ya shamba. Hatumlaumu kwa kutaka kula. Lakini akiziba yeye, na jirani yake, na wa tatu, mwezi wa Septemba mto haufiki chini. Viboko hubanana matopeni huko Ikuu kwa mamia, na wengine hufa. Hao huonekana, maana wageni huja kuwatazama. Mfugaji wa Mpimbwe anayechimba mchanga wa Kavuu apate maji ya ng'ombe haonekani na mtu.

Sheria zipo. Ile ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Ile ya maji ya mwaka 2009 yataka kibali kwa mtu achotaye maji mengi ya mto, tena yawaruhusu watumiao mto mmoja kufanya jumuiya yao. Hiyo jumuiya ndiyo tuitakayo. Mabanio yamevunjwa kwa amri, na mwaka uliofuata yamejengwa tena usiku. Nchi hii imekwisha kuona amri nyingi za kuhamisha watu, na kila mara pori au shamba lilirudi mahali pake bila kungoja ruhusa. Twaona afadhali wazee wa Katumba na Sitalike wakae baraza moja na wazee wa Mpimbwe kabla ya kiangazi, mwezi wa Aprili maji yangali mengi na hasira ni chache, wapatane kila kijiji kifungue banio lake siku zipi. Walimu waweza kuandika zamu hizo ubaoni, watoto wakazipeleka nyumbani.