Kuchagua Chuo cha Katuni za Kompyuta
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanachama katika mkutano wetu wa mwaka, Tukuyu)



Kamati iliponiomba nizungumze juu ya vyuo, nilitazamia kuulizwa habari za udaktari, uhandisi na sheria kama ilivyo desturi. Nilipoletewa maswali ya wanafunzi nikakuta matatu ni ya jambo moja: mtu apendaye kuchora, akitaka kutengeneza katuni za kompyuta, asome chuo gani? Mmoja ameongeza kwamba baba yake yuko tayari kuuza ng'ombe na sehemu ya shamba la chai ili yeye aende ng'ambo. Swali hilo linahitaji jibu la uangalifu, maana shamba likishauzwa halirudi.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Filamu ya katuni ni picha nyingi zilizosimama, zinazopitishwa upesi mbele ya macho. Kwa kawaida ni picha 24 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika moja. Kompyuta hupunguza kazi ya mkono, lakini haitamwambia mchoraji jinsi mama aliyejitwika mkungu wa ndizi anavyopanda kilima chetu wakati wa mvua: uzito unaegemea wapi, bega lipi linashuka, mguu upi unatafuta pa kukanyaga. Hayo hujulikana kwa kutazama. Basi chuo kizuri humfundisha kijana kutazama na kuchora kwa mkono, ndipo kimkalishe mbele ya mashine.

Vyuo vingine hujisifia kompyuta na programu zake. Ndugu zangu, programu iitwayo Blender hutolewa bure kwa mtu yeyote. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia ilitengenezwa kwa programu hiyo, na mwaka 2025 ikapata tuzo ya Oscar. Ikiwa chombo ni cha bure, ulizeni ada mnayotozwa ni ya nini. Inapaswa kuwa ya mwalimu anayeijua kazi, na ya wenzenu mtakaojifunza kufanya nao kazi, kwa kuwa filamu ya katuni mara nyingi ni kazi ya kundi: mwandishi, mchoraji, mtu wa sauti, mtu wa muziki.

Ndugu Mwenyekiti, Afrika Mashariki ina mifano ya njia mbalimbali. Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro, alisoma sanaa Makerere, akaenda Slade huko London, na baadaye akawa Balozi wetu wa kwanza Uingereza. Elimo Njau naye alisoma Makerere, akachora picha za ukutani katika kanisa la Murang'a, na mwaka 1965 akaanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, hakusoma chuo chochote cha sanaa. Hata hivyo mtindo wake ndio uliotumika katika katuni za Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010, na vijana wa Nairobi ndio walioutia uhai kwa kompyuta. Fundi wa kompyuta alihitaji jicho la Tingatinga, na jicho hilo lilikuzwa hapa kwetu.

Kazi nazo zipo. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonekana katika televisheni mwaka 2014 ikiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mwaka 2023 zilitoka filamu fupi kumi za Kizazi Moto katika Disney+, miongoni mwake moja ya Raymond Malinga wa Uganda na moja ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Mukii alisoma Marekani na Uingereza. Filamu yake ya Yellow Fever ya mwaka 2012 inazungumzia wanawake wetu wanaochubua ngozi. Ng'ambo alipata ufundi, lakini habari ya kusimulia aliichukua nyumbani.

Sasa nije kwenye uchaguzi. Ndani ya nchi tuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha sanaa kwa ngazi ya shahada, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Nairobi kuna Africa Digital Media Institute, inayofundisha katuni za kompyuta. Mbali zaidi kuna Gobelins ya Paris na CalArts ya Marekani, zenye sifa duniani kote na gharama kubwa vilevile. Msikichague chuo kwa jina. Kiandikieni barua mkiomba mtaala, mkiomba kuona filamu za wanafunzi waliomaliza, na mkiuliza wanafunzi hao wanafanya kazi wapi leo. Chuo kinachoshindwa kuonyesha kazi za wanafunzi wake msikipelekee pesa za wazazi wenu.

Mimi ni mtumishi wa serikali, kwa hiyo nitasema na habari ya karatasi. Shahada ya nje hupelekwa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na vyuo vya kati vya ndani husimamiwa na NACTVET. Mtu akija kuomba kazi serikalini na cheti kisichotambuliwa, hata awe hodari namna gani, maombi yake hukwama. Ulizeni kabla ya kulipa. Tena kumbukeni kwamba ada ya nje hutozwa kwa fedha za kigeni: shilingi ikishuka, ada hupanda, na mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe wa mwaka wa kwanza atauza nini mwaka wa tatu?

Kwa kijana aliyeniandikia, ushauri wangu ni huu. Baba asiuze kitu mwaka huu. Chukua daftari la mazoezi, uchore pembeni mwa kila ukurasa mtu mmoja anayechuma chai, ukibadilisha mkono wake kidogo kidogo, kisha uzipitishe kurasa upesi kwa kidole. Fanya hivyo mpaka mkono utembee kama mkono wa mtu. Ukifika hapo, tengeneza filamu ya dakika moja kwa programu ya bure, hata kwa kompyuta ya kuazima. Ukiona kazi hiyo imekuchosha ukaichukia, utakuwa umejijua bila hasara. Ukiimaliza na ukataka kuanza nyingine, hiyo dakika moja ndiyo utakayoipeleka chuoni na kwa wafadhili. Anza na chuo cha karibu. Ng'ambo nenda baadaye, ukiwa na kazi mkononi na ufadhili.

Nanyi wazazi, nawaomba msiseme kuchora ni mchezo. Wakisi wa ufukwe wa Ziwa Nyasa wamelisha watoto wao kwa vyungu vya udongo miaka mingi, na mama humfundisha binti yake kwa kumkalisha karibu akitazama. Ufundi ni kazi, na kazi hii mpya inawahitaji watu wanaotazama vizuri.

Umoja wetu una wanachama wenye kompyuta walizoziacha baada ya kununua mpya. Naomba kila mwenye nayo ailete shuleni kabla ya muhula ujao. Mimi nitaleta yangu.