Watiifu Wasiosalimika: Wahusika Wadogo katika Riwaya ya Distopia



Riwaya ya distopia husawiri jamii iliyobanwa na utawala hata utu ukakosa pa kupumulia. Wahakiki wengi huichambua kwa kuanza na mhusika mkuu anayeasi. Mhadhara huu unashika njia nyingine. Hoja yangu ni kwamba ubaya wa jamii hiyo hudhihirika zaidi kwa wahusika wadogo wanaoitii. Mfano wangu ni Nineteen Eighty-Four, riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka 1949.

Winston Smith, mhusika mkuu, anaichukia dola ya Oceania. Kukamatwa kwake kunahuzunisha, lakini hakushangazi. Lau riwaya ingekuwa na yeye tu, tungedhani kwamba mtiifu angesalimika. Wahusika watatu wanatuondolea dhana hiyo.

Wa kwanza ni Syme, mwanaisimu anayetunga kamusi ya lugha mpya ya dola. Anamweleza Winston kwa furaha kwamba maneno yanafutwa makusudi, ili siku moja fikra za uasi zisiwezekane kwa kukosa maneno ya kuzibeba. Uaminifu wake hauna shaka. Ila anaielewa kazi yake mno, na anaisema waziwazi. Siku moja hayupo. Orodha ya kamati ya sataranji inabandikwa bila jina lolote kukatwa, lakini imepungua jina moja.

Wa pili ni Ampleforth, mshairi anayerekebisha tungo za kale ziafikiane na siasa ya chama. Anafungwa, na sababu pekee anayoikumbuka ni kwamba aliliacha neno Mungu mwishoni mwa mshororo, kwa kuwa kina kilimlazimisha. Sisi tuliolelewa katika tungo za vina tunaujua ulazima huo.

Wa tatu ni Parsons, jirani mchangamfu asiyehoji chochote. Anamlaani kiongozi akiwa usingizini; bintiye wa miaka saba anamsikia kupitia tundu la ufunguo na kumshitaki. Naye, akiwa korokoroni, anajivunia malezi aliyompa mtoto huyo.

Yupo atakayesema kuwa watatu hawa ni wahusika bapa. Ni kweli, lakini ubapa huo ni sehemu ya maana. Hawana undani kwa sababu jamii yao haikuuachia nafasi. Na pale undani unapochomoza, katika akili ya Syme, katika kina cha Ampleforth, katika ndoto ya Parsons, ndipo wanapoangamia. Hapo tunatambua kwamba dola hii haitosheki na utii. Inataka kusiwe na mtu ndani ya mtiifu.

Wanafunzi wangu, msomapo riwaya ya namna hii, msiulize tu nani anapinga. Ulizeni pia nani anatumikia, na ujira wake ni nini.

Nasi wanalugha tusisahau kwamba wawili kati ya watatu hao ni watu wa fani yetu: mtunga kamusi na mshairi. Kila tusanifupo istilahi au kuhariri kamusi, yatupasa kujiuliza: je, tunampa msemaji uwezo wa kusema zaidi, au tunampunguzia?