Tipa au Tela: Tuanze na Daftari

Ndugu msikilizaji, katika miji yetu ni nadra kumkuta mtumishi anayekaribia kustaafu ambaye hana shamba mahali fulani. Wa Dar es Salaam ana ekari zake Kibaha, Mkuranga au Kilosa. Wa Arusha analo Babati. Wa Iringa mjini analo Ismani. Siku kiinua mgongo kinapotoka, wazo moja hufika upesi, ama kutoka kichwani mwake mwenyewe au kutoka kwa marafiki wa barazani: anunue chombo cha kubebea mizigo ya shamba. Hapo ndipo mabishano huanza. Mmoja atamwambia, "Mzee, chukua tipa, tipa halilali njaa." Mwingine atasema, "Hapana, nunua trekta na tela la kumwaga, maana trekta linalima na linabeba."

Wote wawili wanasema kweli, lakini ni kweli nusu nusu. Na fedha za miaka thelathini ya kazi hazistahili kwenda kwa kweli ya nusu. Leo natoa ushauri kwamba kabla hatujazungumzia injini na matairi, tuchukue kalamu na karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani hakuna mali inayopotea upesi kama gari lililonunuliwa bila hesabu.

Kwanza tuelewane kuhusu vyombo vyenyewe. Tipa ni lori lenye bodi inayoinuliwa kwa jeki ya haidroliki, na pampu ya jeki hiyo huzungushwa na injini ya lori lenyewe. Tela la kumwaga nalo lina bodi inayoinuka vivyo hivyo, ila halina injini. Huvutwa na trekta, na oili ya kuinua bodi hutoka kwenye trekta kupitia bomba. Faida ya vyote viwili ni moja, yaani kushusha mzigo bila sepetu.

Sasa swali la kwanza: je, mzigo wako ni wa kumwaga? Samadi, mchanga, kokoto na mahindi ya magunzi ambayo bado hayajapukuchuliwa, hivyo ni vitu vya kumwaga. Lakini magunia ya mahindi hayamwagwi. Matenga ya nyanya hayamwagwi, na anayemwaga viazi kama mchanga atauza viazi vilivyochubuka. Kwa mizigo ya namna hiyo, lori la kawaida la bodi bapa linatosha. Tena linabeba zaidi, kwa sababu halikubebeshwa uzito wa jeki na ule wa bodi nene ya chuma. Mtu anayelima nyanya na vitunguu peke yake, akanunua tipa, amelipia jeki ambayo haitafanya kazi shambani kwake hata siku moja.

Swali la pili ni la wingi wa mzigo kwa mwaka mzima. Tuchukue shamba la ekari kumi za mahindi, ambalo ni kama hekta nne. Tuseme mwenye shamba ni mkulima mzuri, anaweka samadi tani 10 kwa hekta. Hiyo ni samadi tani 40. Tuseme anavuna magunia 15 kwa ekari, yaani magunia 150 ya kilo 100, ambayo ni tani 15. Ongeza mbegu na mifuko ya mbolea ya dukani, tani moja. Jumla ni tani 56 kwa mwaka.

Samadi ni nyepesi kuliko mchanga, kwa hiyo tela lenye meta nne za ujazo litabeba kama tani mbili na nusu tu hata kama limejengwa kubeba tani nne. Hizo ni safari 16. Mavuno, kwa magunia 40 kila safari, ni safari nne. Pembejeo ni safari moja. Jumla ya safari za tela ni 21. Tipa la tani saba lenye bodi ya meta nane za ujazo litamaliza samadi kwa safari nane, mavuno kwa safari tatu, na pembejeo kwa safari moja, yaani safari 12.

Ikiwa zizi la ng'ombe liko kilometa tatu kutoka shambani, trekta linakwenda na kurudi kwa muda wa nusu saa hivi. Kinachokula muda ni kupakia kwa sepetu, na hapo tipa na tela hukaa sawasawa kusubiri watu. Kwa mwendo wa safari tano au sita kwa siku, tela litamaliza kazi ya mwaka mzima kwa muda wa wiki moja. Tipa litamaliza kwa siku tatu au nne. Basi swali linalobaki si lipi lina kasi zaidi. Swali ni hili: siku 360 zilizobaki, chombo hicho kitafanya kazi gani?

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Tela likimaliza kazi huachwa chini ya mwembe, nalo halidai kitu ila kivuli. Halina injini ya kuharibika wala betri ya kufa. Trekta linafunguliwa kutoka kwenye tela na kufungwa plau, linakwenda kulima la kwako au la jirani kwa malipo. Zaidi ya hayo, mwenye trekta moja na matela mawili anaweza kuacha tela moja likipakiwa zizini huku jingine likiwa njiani, na injini moja ikafanya kazi bila kusubiri sepetu. Tipa haliwezi kufanya hivyo. Bodi yake na injini yake ni ndoa isiyovunjika. Bodi ikisubiri, injini inasubiri, na dereva naye anasubiri huku mshahara ukihesabika.

Lakini tusimwonee mwenye tipa. Swali la tatu ni la umbali, na hapa tipa linashinda waziwazi. Trekta lenye mzigo huenda kama kilometa 20 kwa saa. Soko likiwa kilometa 60, ni saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, kwa magunia 40 tu. Lori litakwenda kwa saa moja na nusu likiwa na magunia 70, na jioni dereva yuko nyumbani. Tena yale matairi makubwa ya trekta yenye meno yametengenezwa kwa ajili ya udongo. Ukiyatembeza kwenye lami kila siku, meno yanakwisha upesi, na ukirudi shambani wakati wa mvua trekta linateleza. Kwa maoni yangu, trekta na tela ni vyombo vya kilometa chache kuzunguka shamba, kutoka zizini, kutoka mtoni, kwenda ghalani au kufika barabara kuu. Zaidi ya hapo ni kuchosha mashine na kusumbua watumiaji wengine wa barabara.

Tipa pia lina kazi nje ya shamba. Mji unajengwa kila siku, na mchanga, kokoto na kifusi havibebwi kichwani. Mtu mwenye wateja wa uhakika wa mchanga, ambaye shamba kwake ni kazi ya msimu tu, huyo tipa linamfaa. Ila na aseme wazi kwamba amenunua gari la biashara ya mchanga, na aipige hesabu kama biashara ya mchanga: bima, matairi sita au kumi, mshahara wa dereva na utingo, mafuta, na siku za kukaa gereji. Asijidanganye kwamba amenunua chombo cha shamba.

Na biashara hiyo ya mchanga ina mtego wake. Meta moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa kama tani moja na nusu au zaidi kidogo, na mchanga uliolowa ni mzito kuliko huo. Tipa la tani saba lenye bodi ya meta nane, likijazwa mchanga mpaka juu, limebeba zaidi ya tani 12. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaruhusu tani nane kwa ekseli ya mbele ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Mizani haijali kwamba mteja alitaka bodi ijae. Wataalamu waliofanya majaribio makubwa ya barabara kule Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, waligundua kuwa uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara kwa barabara huongezeka kwa kiasi cha mara 16. Kwa hiyo anayezidisha mzigo anakata springi zake mwenyewe, na anakata barabara ya sisi sote.

Swali la nne ni la ardhi yenyewe. Tipa lililojaa, kwenye udongo wa mbuga uliolowa, ni nyumba iliyojengwa hapo hapo. Halitoki mpaka jua litoke. Trekta lina magurudumu makubwa ya nyuma, na tela la ekseli moja huegemeza sehemu ya uzito wake kwenye ndoano, hivyo magurudumu hayo hushika ardhi vizuri zaidi. Historia yetu inalo funzo la kupuuza udongo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, ukaanzia Kongwa, na matrekta na mashine nyingi zililetwa, nyingine zikiwa zimetumika vitani. Udongo wa Kongwa, ukikauka, ni mgumu kama saruji, na mashine zilishindwa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kugharimu kiasi cha pauni milioni 36. Mashine zilikuwepo, lakini udongo haukuulizwa kwanza.

Ndugu msikilizaji, liko jambo zito kuliko fedha, nalo ni uhai wa watu. Trekta la nguvu za farasi 75 lina uzito wa kama tani tatu. Tela lenye mzigo wa tani nne, pamoja na uzito wake lenyewe, linazidi tani tano. Maana yake ni kwamba kinachovutwa ni kizito kuliko kinachovuta. Kwenye mteremko, tela lisilo na breki zake husukuma trekta kutoka nyuma, na dereva anayeweka gia huru ili kuokoa mafuta anaokoa lita moja na kuhatarisha roho. Anatakiwa ashuke kwa gia ndogo tangu juu ya mlima. Pedali mbili za breki za trekta, ambazo shambani hutumiwa moja moja wakati wa kukata kona, lazima ziunganishwe kwa kile kipini chake kabla ya kuingia barabarani. La sivyo gurudumu moja linashika breki, jingine halishiki, na trekta linageuka.

Tela nalo lazima liwe na taa na viakisi mwanga nyuma. Tela la rangi ya kutu, lisilo na taa, likitambaa barabara kuu saa mbili za usiku, ni ukuta uliowekwa njiani. Basi la abiria halitauona mpaka limeufikia. Na ile desturi ya kuwapandisha vibarua na watoto juu ya magunia tuiache. Tela halina kiti wala cha kushikilia, na shimo moja la barabarani linatosha kuleta msiba.

Wakati wa kumwaga pia kuna hatari zinazofanana kwa tipa na kwa tela. Simamisha chombo mahali pa tambarare, kwa maana bodi iliyoinuliwa kwenye mteremko wa ubavu huanguka kirahisi, hasa udongo wa mfinyanzi uliolowa ukinata upande mmoja. Tazama juu kama kuna nyaya za umeme. Na mtu asiingie chini ya bodi iliyoinuliwa kwa kutegemea jeki peke yake. Bomba la oili likipasuka hakuna muda wa kukimbia. Weka nguzo ya chuma kwanza. Kwa mwenye tela nina neno moja zaidi: safisha ncha za bomba la haidroliki kabla ya kuziunganisha. Matrekta mengi hutumia oili moja kwa haidroliki na kwa gia-boksi, kwa hiyo vumbi la bomba la tela huishia kusaga gia za trekta.

Mwisho, iko njia ya tatu ambayo barazani haitajwi kwa sababu haina sifa. Njia hiyo ni kukodi. Mwenye ekari kumi, mwenye safari 12 za tipa kwa mwaka, aulize bei ya safari moja kijijini kwake, aizidishe mara 12, kisha ailinganishe na bima, matairi na mshahara wa dereva wa mwaka mzima. Wengi watakuta kwamba kukodi ni nafuu, na kiinua mgongo kitabaki benki kusomesha wajukuu. Aliye na trekta tayari, na aongeze tela. Wakulima watano au sita wa jirani wanaweza kuchangia tela moja, ilimradi waandikiane nani analitumia lini na nani analipa tairi likipasuka. Aliye na soko la mbali na kazi ya mwaka mzima, huyo anunue tipa bila woga.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, rafiki akikwambia tipa halilali njaa, mwulize tu: litakula nini, na nani atalilisha? Kama jibu limo kwenye daftari lako, nenda kanunue. Kama halimo, subiri msimu mmoja, kodi, na uandike kila safari na kila shilingi. Msimu ujao daftari litakupa jibu lenye hesabu ndani yake.