Mzee na Mifugo Yake

Katika vilima vya chai vya Kericho na Bomet, wazee wengi bado wanafuga. Punda hubeba maji kutoka mtoni. Ng'ombe wa maziwa humpa mzee maziwa ya kugandisha mursik na fedha za matumizi. Ruzuku ya serikali ya Kenya iitwayo Inua Jamii kwa waliotimiza miaka 70 ni shilingi 2,000 tu kwa mwezi, kwa hiyo mifugo hiyo ni tegemeo la kweli.

Lakini mwili huchoka. Ng'ombe mkubwa wa maziwa huhitaji zaidi ya kilo 50 za nyasi mbichi kwa siku, na kukata nyasi za nepia kwataka nguvu. Punda naye, akitunzwa vyema, hufikisha miaka 30. Anaweza kuishi muda mrefu kuliko mwenye kumfuga. Na kumuuza si salama: biashara ya ngozi imekwisha kutumalizia punda wengi, hata Umoja wa Afrika ukapiga marufuku kuwachinja kwa ajili ya ngozi mwaka 2024.

Wito wetu kwa watoto walioko mijini: kabla ya kumhimiza mzee auze, mtafutieni kijana wa kukata nyasi, na mlipeni kila mwezi. Nanyi wazee wetu, semeni mapema nani atawarithi wanyama hao. Ufugaji ni kazi na heshima; mzee asiachiwe peke yake.