Fedha Husemwa Mbele ya Wote
(Maneno ya wanakikundi siku ya kutimiza miaka kumi)



Wengi wanatuuliza tumewezaje kufika miaka kumi wakati vikundi vingi vinavunjika. Basi leo tunaeleza, pamoja na kosa letu.

Tulianza na sanduku la kufuli tatu, funguo kwa akina mama watatu. Kila mkutano fedha zilihesabiwa kwa sauti, na wasiojua kusoma walishika salio kichwani. Mwaka wa tatu tukaingiwa na haraka, huyu anawahi mnada, yule ana mgonjwa. Hesabu tukawaachia viongozi. Haukupita muda, maneno yakaanza kisimani: eti mhazini kanunua ng'ombe kwa hisa zetu. Wenzetu saba wakatoka. Tulipofungua sanduku, haikupungua hata shilingi! Mama yetu yule aliumia sana, na leo tunamwomba radhi tena mbele yenu.

Tangu hapo hesabu husomwa kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma. Mwenzetu aliyeko machimboni Geita hupigiwa simu, naye asikie. Mmoja wetu alikopa, duara la mumewe likatoka mawe matupu. Alikuja kusema mapema, tukamwongezea muda, akalipa yote.

Jambo hili si geni kwetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza 1986, haukuishia kugawa miche. Uliwasikiliza wazee juu ya ngitili, yale malisho yanayofungwa kwa ajili ya kiangazi, na sheria za kuyalinda zikapitishwa kwenye dagashida, wanakijiji wakisikia. Miti ikarudi, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, lakini habari hiyo bado haijafika jikoni. Wapo akina mama wanaochoma dhahabu yenye zebaki kwenye jiko lile lile la ugali, watoto wakivuta moshi wake. Tuletewe mtaalamu aje kuzungumza nasi siku ya hisa, aulizwe na ajibu, kwa lugha tunayoielewa.