Majina ya Mahali na Alama za Kale katika Bonde la Yaeda



Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, chaeleza kwamba Isaka alivichimbua tena visima vya baba yake vilivyofukiwa na Wafilisti, akaviita kwa majina yale yale aliyovipa Ibrahimu. Msomaji mwenye haraka hupita hapo bila kusimama. Mfugaji wa Yaeda Chini huelewa mara moja: kisima kilichopoteza jina ni rahisi kupata mwenyewe mwingine.

Katika bonde hili na pembezoni mwake wanaishi Wahadzabe, Wairaqw, Wadatoga na Waisanzu, na lugha zao ni za asili nne mbalimbali. Kihadzabe hakina ndugu anayejulikana hata mmoja. Basi kilima kimoja chaweza kuwa na majina matatu, na yote ni ya kweli. Kazi huharibika pale karani anapochagua lile lililo jepesi kwa kalamu yake. Vidoko vya ulimi vya Kihadzabe havina herufi katika Kiswahili, na Yaeda yenyewe imeandikwa Yaida katika vitabu vingine. Tena yapo majina yaliyotolewa na wapinzani: tambarare za Mang'ati, chini ya Mlima Hanang, zimebeba jina ambalo Wamaasai waliwapa Wadatoga, maana yake adui.

Huko Hanang ndiko lilikotokea jambo la kuhuzunisha. Wadatoga humzika mzee aliyeheshimika chini ya kilima cha udongo kiitwacho bung'eda. Kwa mgeni, bung'eda la zamani ni rundo la udongo lililoota majani. Tangu mwaka 1970 hivi, mashamba ya ngano ya shirika la umma NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalienea katika tambarare za Basotu, na baadhi ya makaburi hayo yakalimwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliipa NAFCO ushindi.

Yaeda ilipata njia nyingine. Katika miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe hapa Yaeda Chini. Wengi waliugua, wengi wakarudi porini. Lakini mwaka 2011, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa zaidi ya hekta 20,000. Mpaka wa ardhi kama hiyo hauelezeki pasipo kutaja mkondo, jabali au mbuyu.

Usharika una vitabu vya ubatizo. Aandikaye «Yaeda» tu kuwa mahali pa kuzaliwa ameandika bonde zima! Iongezwe kambi, kisima au kilima, kwa lugha ya wazazi, pamoja na jina la aliyekitaja. Waulizwe na akina mama, wanaochota maji na kuchimba mizizi. Hata hivyo si kila mahali pafaa kuwekwa hadharani. Makaburi na mahali pa matambiko paandikwe kwa ridhaa ya wenyewe.

Ianzwe na mibuyu. Mbuyu ukianguka huoza ukawa nyuzi tupu, na baada ya misimu michache ya mvua hata kisiki hakionekani.